Saa Moja ya Feni: Kabla Hujanunua Maiki, Jua Sauti Inapita Wapi

Mwaka jana nilirekodi feni ya laptopu yangu kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Sikukusudia. Nilikusudia kurekodi nyatiti.

Cheka tu, lakini ukimaliza nisikilize. Kama una laptopu na maiki ya bei ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa wewe pia umewahi kurekodi feni na hukujua. Ulidhani ni maiki mbaya. Ukaanza kuweka pesa ya maiki ingine. Mimi nataka kukuambia leo kwamba shida ya wengi wetu si maiki. Shida ni kwamba hatujui sauti inapita wapi kati ya mdomo wa mtu na ile faili tunayohifadhi.

Stori yenyewe ni hii. Nyumbani kwetu ni Katito, pale makutano ambapo barabara ya Kendu Bay inaachana na ile ya Sondu. Ukisimama stejini unasikia vitu vyote kwa pamoja: makanga wa Homa Bay, makanga wa Kisii, boda, mama wa omena, spika ya duka la simu. Nilikuwa nishachoka na video za upande wetu ambazo kila siku ni machweo ya ziwa na samaki kwenye sahani. Nikajiambia, maze, wacha nifanye mfululizo wa watu wa Nyakach na sauti zao. Wa kwanza awe mzee mmoja wa upande wa Pap Onditi, mpiga nyatiti. Jina lake siliandiki hapa. Hakuniomba umaarufu.

Kwa wale hawajawahi kuona nyatiti kwa karibu: ni chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji anaketi chini kwenye kigoda kifupi, anachuna nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete nzito ya chuma ambayo anaigonga kwenye mti wa nyatiti. Mguuni kuna njuga. Juu ya hayo yote, anaimba. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima. Kumbuka hiyo pete ya chuma, tutairudia.

Huyo mzee alikuwa ameacha kupiga matangani kwa sababu ya magoti. Nilimbembeleza karibu miezi miwili. Hatimaye akasema, "Nyakwara, kuja Alhamisi jua likipoa." Nikapanda boda na laptopu mgongoni na maiki ya kubana kwenye kola, ile niliyoagiza mtandaoni kwa thao moja na kitu. Nikaichomeka kwenye shimo la hedifoni la laptopu, nikafungua Audacity, nikapiga makofi mara moja. Ile mistari ya kijani ikaruka. Poa. Nikabonyeza kitufe chekundu.

Mzee alianza polepole. Baada ya nusu saa akasahau kama niko. Akaingia kwenye majina. Alimwimba baba yake. Akamwimba kaka yake aliyefanya kazi ya reli akafia Mombasa. Akamwimba mama mmoja aliyewapa mtama mwaka wa njaa, wakati hata jamaa zao walifunga milango. Watu ambao hakuna mahali popote wameandikwa. Mke wake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akalia bila sauti. Mimi pia nilikuwa na kitu kooni, lakini nilijituliza: usijali, yote yameingia.

Nilifika nyumbani saa nne usiku, nikavaa hedifoni, nikafungua faili. Vuuuuuuu. Feni. Na mbali sana, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi kwenye boma la jirani, mzee wangu.

Sikulala.

Asubuhi nilienda kwa fundi wa simu hapo stejini. Sikumwambia kilichotokea, nilimwonyesha maiki tu nikasema haifanyi kazi. Hakuichomeka popote. Aliangalia pini yake kwenye mwanga, akahesabu, akanirudishia. "Hii ina mistari miwili," akasema. "Ni ya kamera. Laptopu yako ina shimo moja. Inataka mistari mitatu."

Hayo maneno yalinifundisha zaidi ya video zote nilizowahi kutazama. Chukua pini ya maiki yako sasa hivi uiangalie. Ile mistari midogo myeusi inatenganisha vipande vya chuma. Mistari miwili ina maana ya vipande vitatu, na mistari mitatu ina maana ya vipande vinne. Simu na laptopu nyingi za siku hizi zina shimo moja linalofanya kazi mbili: kutoa sauti kwenda masikioni na kupokea sauti kutoka kwa maiki. Ili lifanye zote mbili, lazima kuwe na vipande vinne: sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa ardhi, na maiki. Ukileta pini ya vipande vitatu, laptopu inakuona kama mtu aliyeleta hedifoni tu. Haikatai. Haikuambii kitu. Inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, ile tundu dogo lililo karibu na kamera au kibodi, jirani mwema wa feni.

Ndiyo maana mistari ya kijani iliruka nilipopiga makofi. Maiki ya ndani ilisikia makofi. Ile ya kwenye kola ya mzee ilikuwa pambo.

Na kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi. Shimo lilikuwa moja, na nilikuwa nimeliziba kwa maiki, kwa hivyo sikuweza kuchomeka hedifoni kusikiliza kinachoingia. Nilikuwa naangalia sauti kwa macho. Lakini mistari ya kijani inakuambia kuna sauti, haikuambii ni sauti ya nani.

Sasa hapa ndipo maoni yangu yanapoanza, na najua wasee wengine hawatapenda. Sisi vijana tunaotengeneza vitu mtandaoni tunapenda sana kuongea juu ya vifaa. Tunapenda kuuliza, "Unatumia maiki gani?" Hatuulizi, "Umejuaje kwamba ndiyo iliyokuwa inasikiliza?" Kununua ni rahisi kuliko kuelewa. Ukinunua unapiga picha na boksi. Ukielewa hakuna picha ya kupiga.

Hebu tuwe wa kweli. Kompyuta ni kama steji ya Katito. Kuna magari mengi, na kila moja linaenda kwake. Maiki ya ndani, maiki ya nje, kamera ya USB yenye maiki yake, hedifoni za Bluetooth zenye maiki yao, sauti ya video inayocheza, sauti ya simu ya WhatsApp. Zote ziko hapo zinangoja. Programu ya kurekodi inapanda moja tu, ile uliyoichagua, au ile ambayo Windows iliichagua bila kukuuliza. Ukipanda bila kuangalia kibao, usishangae ukishukia Kisii na ulikuwa unaenda Kendu Bay.

Kwa hivyo kabla ya kurekodi mimi sasa nafanya kitu kimoja cha kijinga kabisa ambacho kinaokoa maisha: naikwaruza maiki. Kwa kucha, polepole. Kisha naikwaruza laptopu karibu na kamera. Kama mistari inaruka sana nikikwaruza laptopu na inalala nikikwaruza maiki, najua gari si langu. Nafungua mipangilio ya sauti ya kompyuta, sehemu ya sauti inayoingia, nachagua maiki ninayoitaka kwa jina. Halafu naenda ndani ya Audacity au OBS nachagua tena, kwa sababu programu inaweza kuwa na chaguo lake tofauti na la kompyuta. Mahali pawili. Wengi wetu tunabadilisha pamoja tu.

Kama maiki yako ni ya mistari miwili, usiitupe. Kuna kadi ndogo za sauti za USB, ukubwa wa kidole, bei yake haifiki bei ya viatu. Zina mashimo mawili, moja la maiki na moja la hedifoni. Ukichomeka, kompyuta inaona maiki mpya kabisa yenye jina lake, na wewe unapata masikio yako tena. Ukiona unataka kutumia hedifoni za Bluetooth, kumbuka kwamba mara tu kompyuta inapochukua maiki yake, sauti yote inashuka inakuwa kama ya simu.

Wacha nirudi kwa mzee, kwa sababu ilibidi nirudi.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Nilibeba sukari na majani chai. Nikamwambia ukweli wote, nikiangalia chini. Alinyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo niliimbia feni?" Nikasema ndiyo. Akacheka hadi akakohoa. Mke wake hakucheka.

Alikubali tupige tena. Safari hii nilikuwa na kadi ya USB, na kwa sababu ya aibu ya feni nilikuwa nimeweka kwenye OBS kile kichujio cha kuondoa kelele. Nilitaka usafi. Nikampa mzee hedifoni ajisikie kabla hatujaanza. Akachuna nyuzi kidogo, akaimba kidogo, akakunja uso. Akachuna tena bila kuimba. Akavua hedifoni akaniangalia.

"Mashine yako inasikia mdomo wangu," akasema. "Haisikii vidole vyangu."

Nikavaa mimi. Na kweli. Alipoimba, sauti ilikuwepo. Alipochuna nyuzi peke yake, zilitokea kidogo kisha zikamezwa, kama mtu anazizamisha kwenye maji. Kile kichujio kimefundishwa kutofautisha maneno ya binadamu na kila kitu kingine. Kila kitu kingine kinaitwa kelele. Feni ni kelele. Gari ni kelele. Nyatiti nayo, kwa akili yake, ni kelele.

Hiyo kitu ilinikaa rohoni. Hakuna mtu aliyekusudia ubaya. Kichujio kilitengenezwa kwa ajili ya mikutano ya ofisini na watu wa michezo ya kompyuta, na kwa hiyo kazi ni kizuri sana. Lakini mimi nilikiwasha bila kufikiri, na kikakaa chini ya mwembe wa mzee kikiamua nini ni muziki na nini ni takataka. Ukirekodi mtu akiongea, kitumie. Ukirekodi nyatiti, orutu, ohangla, au hata gitaa la benga, kizime. Na uangalie pia mipangilio ya kompyuta yenyewe, maana mara nyingine kuna kichujio kingine kimejificha huko kwa jina zuri la "kuboresha sauti".

Basi feni utaifanyaje? Uisogeze. Hiyo ndiyo siri yote. Nilinunua waya wa kurefusha wa USB wa mita tatu, nikaweka laptopu ndani ya nyumba nyuma ya pazia, maiki ikabaki nje na mzee. Nikafunga kivinjari na programu zingine ili laptopu isipate joto. Nikachomoa chaja, kwa sababu chaja nyingi zinaingiza mngurumo wa stima kwenye sauti, ule wa chini wa hezi 50. Ukichomoa ukatumia betri, mara nyingi unakatika hapo hapo.

Halafu kiwango. Nilimwomba mzee apige kwa nguvu kabisa kama yuko matangani. Ile pete ya chuma ilipogonga mti, mistari ikaingia kwenye nyekundu. Hapo ndipo watu wanarekebisha kwa kuangalia sauti ya kuimba, wanasahau mguu. Shusha sauti inayoingia mpaka ile gonga kubwa kabisa iishie kwenye desibeli 6 chini ya sifuri, na mengine yakae karibu na 12 chini. Itaonekana ni ndogo. Usijali, sauti ndogo inaweza kupandishwa baadaye. Sauti iliyogonga dari imekatwa kichwa, na kichwa hakirudi.

Mzee ndiye alikuwa injinia wangu hiyo siku. Alivaa hedifoni, akaniambia sogeza maiki chini kidogo, hapana, rudi, hapo. Alisikia ng'ombe wa jirani kabla yangu. Mtu amesikiliza nyuzi nane miaka hamsini, mimi nilikuwa namfundisha nini?

Wakati mwingine nafikiria kuhusu Hugh Tracey. Huyu alikuwa Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, na mwaka 1950 alipita pande zetu hizi na mitambo mizito ndani ya gari. Huko Kapkatet, kwa majirani zetu Wakipsigis, alirekodi wimbo unaoitwa Chemirocha, ambao wasichana waliuimba kuhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Tracey alikuwa na kawaida ya kushika maiki kwa mkono wake na kuisogeza mwenyewe kumfuata anayeimba. Hakuibana kwenye kola akaenda kuketi. Rekodi zake zinahifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla nakala za Chemirocha kurudishwa kijijini kwa watu wenyewe.

Najiuliza maswali mawili nikifikiria hiyo stori. La kwanza: yeye alihitaji gari zima, na mimi nina mashine ya mgongoni na programu ya bure. Nina kisingizio gani? La pili: kwa nini wenye wimbo wasubiri miaka 60? Kwa hivyo sheria yangu sasa ni kwamba nakala ya kwanza ni ya mwenye sauti. Kabla sijahariri, kabla sijapandisha popote. Mzee ana ile redio ndogo ya kuchomeka kadi ya kumbukumbu. Nilimwekea nyimbo zake humo. Jirani aliniambia sasa anazicheza asubuhi akilisha kuku, halafu anajikosoa kwa sauti.

Na mkirekodi simu, wasee, ombeni ruhusa. Nasema hivi kwa sababu binti wa mzee anayeishi Nairobi alitaka kuchangia, na tukafanya kwa simu ya WhatsApp kwenye laptopu. Maiki haiwezi kukusaidia hapo. Sauti unayoitaka inatoka, haiingii. Kwenye Windows, Audacity inakuruhusu kuchagua WASAPI na kisha kifaa cha kutoa sauti chenye neno "loopback" mwishoni, ikarekodi kile spika zinatoa. Kwenye Mac watu hutumia BlackHole, ambayo ni kama waya usioonekana kati ya programu mbili. Kwenye OBS unaweza kuweka sauti yako kwenye njia moja na ya mgeni kwenye njia ingine, ili mtu akikohoa umkate peke yake. Na uvae hedifoni, la sivyo sauti yake itatoka kwenye spika irudi kwenye maiki yako, awe anaongea mara mbili. Lakini kwanza mwambie unarekodi. Sauti ya mtu ni mali yake, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Sasa umebaki na swali moja, najua. Yale majina je?

Nilimwomba. Tulipomaliza nyimbo nne, sauti safi, kila kidole kinasikika, nilimwomba aimbe tena ule wimbo wa kaka yake na yule mama wa mtama. Alifuta nyuzi kwa kiganja zikanyamaza.

"Ule nilishaimba," akasema.

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananieleza tu jinsi mambo yalivyo. Wimbo wa namna ile hautolewi kabatini. Ulikuja Alhamisi ile, jua likipoa, na mke wake akiwa mlangoni. Mimi nilikuwepo, na mashine yangu ilikuwa imegeuza sikio kwingine.

Bado ninayo ile faili. Nimejaribu kuisafisha. Unachukua kipande cha feni peke yake, unaiambia Audacity hii ndiyo kelele, itoe. Inatoka kidogo, lakini sauti ya mzee inageuka kama ya mtu aliye chini ya maji. Nikairudisha ilivyokuwa. Kwenye dakika ya arobaini na moja, ukiongeza sauti na kushika pumzi, unasikia jina la kaka yake. Mara moja tu. Halafu feni inalifunika.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu, kwaruza maiki yako.